Mtoto hashiki darasani: tafuta kasoro kabla ya kutafuta bakora

Ripoti zikitoka, daka langu, baraza ya mlangoni, hujaa. Wazazi huja na karatasi mkononi na maneno ni yale yale kila muhula: huyu hashiki, kichwa chake kizito, nimempiga mpaka mkono umechoka. Nimefundisha shule za msingi Amu (Lamu) na Pate, visiwa vya pwani ya Kenya, miaka 26 kabla ya kustaafu, na wengi wa watoto niliowaona wakiinuka hawakuinuliwa na bakora wala tuisheni. Waliinuliwa na miwani, na dawa ya minyoo, na kulala mapema, na kuhamishwa kiti kutoka nyuma hadi mbele.

Haya nimeyapanga kwa dalili, kama wazazi wanavyozileta. Tafuta inayofanana na ya mwanao, kisha zipitie sababu kwa zamu. Ya kwanza ndiyo ninayoikuta mara nyingi zaidi. Usiruke hadi ya mwisho kwa kuwa jirani amekwambia. Na penye neno SIMAMA, acha kujaribu mwenyewe.

Kwanza isome ripoti yenyewe

Wengi bado huuliza, "Amekuwa wa ngapi?" Mtaala wa sasa hauulizi hivyo. Ripoti inasema mtoto anazidisha matarajio, anafikisha, anakaribia, au yuko mbali na matarajio, na mara nyingi shule huandika kwa kifupi EE, ME, AE na BE. Tandika ripoti tatu za mwisho mkekani, moja kando ya nyingine. Unatafuta mambo mawili tu: ameanguka katika yote au katika somo moja, na ameanza lini. Mzazi anayeweza kunijibu hayo mawili, nusu ya kazi ameimaliza kabla hajavua viatu.

Dalili: Alikuwa vizuri, ameanguka ghafla

Uliza kwanza yuko gredi gani. Kama ni Gredi ya 4, mshuku wa kwanza ni lugha. Gredi ya 1 hadi ya 3 mtoto hufundishwa kwa lugha ya mahali pake, kwetu Kiswahili; akiingia ya 4, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Mjaribu hivi: chukua swali la sayansi alilokosa, mwulize kwa Kiswahili cha nyumbani. Akikujibu sawasawa, elimu anayo, kinachokosekana ni maneno. Mpe maneno matano kwa siku kutoka kitabu chake mwenyewe, ayaseme, ayachore, ayatumie. Usimtafutie mwalimu wa sayansi, sayansi anaijua.

Kama ni Gredi ya 7, ameingia sekondari msingi. Masomo ni tisa, walimu wanabadilishana, na hakuna anayemfuata kuuliza kazi iko wapi. Mtoto mwenye akili lakini asiye na mpango huzama hapo. Mwekee ratiba ya wiki ukutani, na kila jioni akuoneshe daftari za siku hiyo, hata kama wewe hujui kilichoandikwa ndani. Kule kujua kwamba zitaangaliwa kunatosha kumrudisha njiani.

Pengine hajabadilisha darasa. Basi hesabu usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Watoto wetu huamka Alfajiri, huenda shule, jioni wako chuoni kwa maalim wakisoma Qurani, na wengine hurudi baada ya Isha. Anayeamshwa saa kumi na moja lazima awe kitandani saa mbili usiku ili apate saa 9, yaani akitoka msikitini ni chakula na kulala. Sasa tia simu chini ya mto, halafu utafute saa zilizobaki. Sikwambii umtoe chuoni, hapana. Chuo na shule vyote ni vyake. Nakwambia simu ilale chumbani kwako, na kama ratiba imembana sana, nenda kwa maalim mkae mzungumze. Maalim wengi nawajua, watakusikiliza.

Mambo ya nyumbani nayo huvunja watoto: talaka, mauti, mama kwenda Uarabuni kikazi na mtoto kuachiwa bibi, baba aliyekwenda baharini na hajarudi. Mtoto hatakwambia "nina huzuni". Atakuletea alama za chini. Mwambie kilichotokea kwa maneno ya kweli yanayolingana na umri wake, na umweleze mwalimu wa darasa pia.

SIMAMA. Kama kuanguka kulikuja pamoja na woga wa mtu fulani, kukojoa kitandani ilhali alishaacha, au kujificha watu, acha habari za masomo na uende kwenye dalili ya kutotaka shule, hapo chini.

Dalili: Yuko Gredi ya 3, ya 4, hata ya 5, na hasomi

Hapa ndipo ninapowaomba wazazi wasiwe na haraka, kwa sababu hapa ndipo watoto wengi wanaitwa majina.

Anza na macho. Mpeleke mbele ya bahari, pale mashua zinapofungwa, umfunike jicho moja kwa kiganja asome majina yaliyoandikwa ubavuni, kisha jicho la pili. Kama herufi hazijui, mwulize chombo kile kimechorwa nini mbele. Wewe ukiona mwezi na nyota na yeye anaona rangi tu, usimtafutie mwalimu, mtafutie daktari wa macho. Angalia pia kama anakunja uso akitazama mbali, kama anashika kitabu karibu na pua, kama daftari lake ni safi anaponakili kutoka kitabuni lakini limejaa makosa anaponakili ubaoni.

Kisha masikio. Simama nyuma yake hatua mbili au tatu, umpe kazi kwa sauti ya kunong'ona: "Lete kikombe." Ziba sikio moja urudie, kisha la pili. Lipo jambo bado linanichoma. Niliwahi kuwa na mvulana darasani, nikimwita hageuki, nikimuuliza hujibu jambo jingine kabisa. Nilimwona jeuri, nikamkalisha nyuma kabisa mwaka mzima. Sikio lake lilikuwa likitoa usaha tangu utotoni, na kupiga mbizi kila siku kukalizidisha. Bibi yake ndiye aliyeniambia, siku alipokuja kumwombea msamaha kwa ajili ya adabu mbaya ambayo hakuwa nayo. Sikio linalotoa maji au usaha halitiwi mafuta ya nazi wala maziwa ya mama. Linapelekwa hospitali, na mtoto haingii baharini mpaka lipone.

Macho mazima, masikio mazima? Basi huenda aliukosa msingi. Wako waliorukia masomo ya mbele bila kujua kuunga silabi, na hakuna aliyerudi nyuma kuwachukua. Wako pia waliohamahama, kutoka ng'ambo hadi kisiwani, kutoka kwa baba hadi kwa mjomba. Dawa yake ni kurudi chini bila haya: ba, be, bi, bo, bu. Dakika 15 kila siku, hata kama ana miaka 11. Mfanyie faraghani ili wadogo zake wasimcheke. Mpe miezi mitatu. Mwenye pengo la msingi tu utamwona anapanda wiki baada ya wiki.

Asiyepanda baada ya hapo ana jambo jingine, na kwetu kuna kipimo ambacho wenzetu wa mbali hawana. Mwombe maalim amsikilize mtoto sura anayoijua kwa moyo, kisha aweke kidole katikati ya ukurasa, kwenye aya asiyoihifadhi, amwambie aunge herufi. Nimeona watoto wanaotiririka juzuu nzima bila kukwama, na pale kidole kilipo wanasimama kama wamefika ukutani. Mtoto kama huyo kumbukumbu yake ni kali. Hakuna wa kumwita mjinga. Kama hata darasani anageuza b kuwa d, anaruka silabi, anasoma neno moja kwa namna tatu katika ukurasa mmoja, na hali ni hiyo baada ya kufundishwa kwa subira, inawezekana ana dislexia, yaani akili anayo lakini kuunganisha herufi na sauti kunampa taabu. Kipimo cha maalim si hukumu. Ni sababu ya kutafuta wataalamu.

SIMAMA. Usiendelee kumkalisha saa tatu za tuisheni kila usiku. Dislexia haiondoki kwa kurudiarudia kilichomshinda. Inataka njia nyingine, kama kuandika herufi mchangani kwa kidole huku akitamka sauti yake, vipindi vifupi, na kusomewa kwa sauti yale masomo mengine ili yasimpite. Nenda kwa wataalamu wa tathmini niliowataja mwisho.

Dalili: Mswahili, mwana wa Waswahili, anaanguka Kiswahili

Hii huwaumiza wazazi kuliko zote, na wengi huona haya hata kuisema.

Chukua sentensi kama hii kwenye insha ya mtoto: "Bibi akaniambia ndoo, nikateka mpaka mato yakatoka mai." Mtu wa Amu anaona bibi amemwita mjukuu, mjukuu amecheka mpaka machozi. Mwalimu aliyetoka bara anaona ndoo, anaona mtu anateka maji, na kalamu nyekundu inafanya kazi. Mtoto hajakosea Kiswahili. Ameandika Kiamu, lugha iliyobeba baadhi ya tenzi kongwe tulizonazo. Lakini mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mtihani unasahihishwa kwa hicho.

Sababu ya kwanza basi ni lahaja, na tiba yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mchoree daftari safu mbili, ya nyumbani na ya shule. Ndia, njia. Ndaa, njaa. Mtele, mchele. Mato, macho. Moya, moja. Siyui, sijui. Baada ya maneno kama 20 mtoto mwenyewe ataona mtindo: nd yetu mara nyingi ni nj yao, t yetu ni ch, y yetu ni j. Muoneshe pia kwamba si kila neno linageuka, maana mti ni mti kote na ndoto ni ndoto, ama sivyo ataanza kuandika "mchi" na "njoto". Wale wa Faza na Kizingitini wanaosema Kibajuni wana safari ndefu kidogo, lakini njia ni hiyo hiyo.

Ninakuomba sana, usimwambie Kiamu ni makosa na usimkataze kukisema nyumbani. Mtoto anayeambiwa lugha ya mamake ni mbovu hunyamaza darasani, na aliyenyamaza hafundishiki. Zungumza na mwalimu kwa upole, umwoneshe ile safu mbili. Walimu wageni hawajui, na wengi hufurahi kuelezwa.

Sababu ya pili ni kwamba hana cha kusoma. Kitabu cha hadithi kimoja kwa mwezi, asome barazani kwa sauti, wewe ukitengeneza samaki.

Dalili: Analala au anaduwaa darasani

Usingizi tumeshauhesabu. Kinachofuata ni tumbo. Chai ya rangi na kipande cha mkate haimfikishi mtoto saa nne. Shilingi anazopewa huishia kwenye aiskrimu za pakiti na achari, na saa tano kichwa kiko juu ya dawati. Ongeza mbaazi, samaki wa jana, kiazi kitamu au uji mzito. Hakuna tuisheni itakayoshinda njaa.

Kama anakula na bado amelegea, fikiria minyoo na upungufu wa damu. Vuta chini ukope wa jicho: ndani pakiwa peupe badala ya pekundu, au viganja vimepauka, au umemkuta akila udongo, mkaa au mchele mbichi, apimwe damu. Ile siku dawa za minyoo zilipogawiwa shuleni, alikuwepo? Wengi wanaougua ndio wale waliokosa siku hiyo. Vidonge vya kuongeza damu apewe na hospitali baada ya kupimwa, si dukani. Mtoto mwenye macho ya manjano, maumivu ya mifupa yanayorudi, na aliyewahi kuvimba mikono na miguu akiwa mdogo, apimwe selimundu. Ugonjwa huu upo sana pwani yetu, na mtoto wake hukosa shule siku nyingi bila kosa lake.

Nadra zaidi, lakini nimeiona: mtoto anakatika katikati ya neno, macho yanatazama pasipo kitu kwa sekunde kama 10, hasikii akiitwa, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mara kadhaa kwa siku. Hiyo inaweza kuwa aina ya kifafa, na kila mara inapokuja anapoteza kipande cha somo. Hasa mfuatilie mtoto aliyewahi kupoteza fahamu kwa malaria kali, kwa sababu malaria ya namna hiyo inaweza kuacha athari kwenye ubongo. Mrekodi kwa simu, daktari ataelewa zaidi kuliko maelezo. Najua wengi wetu huanza kwa kumsomea dua. Msomee, na asubuhi hiyo hiyo mpeleke hospitali.

SIMAMA. Degedege ikizidi dakika 5, au ikirudi kabla hajazinduka, tafuta boti uende hospitali hapo hapo. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole kinywani.

Dalili: Hesabu tu zinamshinda

Mara nyingi ni meza za kuzidisha hazikukaa, basi. Mpe pesa akanunue, ahesabu chenji. Mhesabishe samaki kwa mafungu. Kama anahesabu vizuri dukani lakini si kwenye karatasi, tatizo ni lugha ya swali: msomee swali, mwache akokotoe. Akiwa na miaka 9 au 10 na bado hajui ipi kubwa kati ya 6 na 9 bila vidole, aende akafanyiwe tathmini.

Dalili: Hataki shule, tumbo linauma kila Jumatatu

Tumbo linalouma Jumatatu na kupona Ijumaa jioni linauma kweli. Usimwambie anasingizia.

Mwulize mkiwa na kazi mikononi, mkichambua mchele au mkitembea Shela kwa miguu, si umemkalisha mbele yako kama kesi. "Ni pahala gani shuleni hupapendi? Mkitoka, unarudi na nani?" Mara nyingi utasikia wakubwa wanamnyang'anya pesa au wanamcheka kwa sare na viatu. Nenda kwa mwalimu wa darasa peke yako, bila mtoto na bila kelele. Mara nyingine utasikia anapigwa na mwalimu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko shuleni. Mweleze mwalimu mkuu, na asipochukua hatua, afisi ya elimu. Ukiwa na wewe nyumbani unampiga kwa ajili ya alama, huwezi kusimama mbele ya mwalimu yule ukasema lolote. Hilo nalisema kwa huzuni, maana mimi mwenyewe nilipiga watoto miaka yangu ya mwanzo.

SIMAMA, na hapa nakushika mkono. Kama mtoto amekwambia, au una shaka, kwamba mtu mzima au mkubwa wake amemgusa vibaya au kumwingilia, usimwogeshe, usifue nguo zake, zitie kwenye mfuko wa karatasi umpeleke hospitali mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na zikiwahi zaidi ni bora zaidi. Piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure, mchana na usiku. Kisha polisi. Usikubali kikao cha kuyamaliza kifamilia, awe aliyefanya ni jamaa, jirani au mwalimu anayeheshimika. Mwambie mtoto: nimekuamini, na si kosa lako.

Dalili: Kijana mkubwa, mtoro

Sababu ya kwanza hapa kwetu ni pesa. Kijana wa Gredi ya 8 akienda na mashua ya wageni au akashika kamba ya punda, jioni ana shilingi zake, na shule haimpi kitu leo. Msiwe mnazichukua pesa hizo kwa shukrani ilhali mnalalamikia alama. Kaa naye na hesabu nyingine: mwisho wa Gredi ya 9, nafasi yake ya sekondari ya juu inatokana na mtihani wa mwisho kwa asilimia 60, ule wa Gredi ya 6 asilimia 20, na kazi za shuleni asilimia 20. Kila wiki ya utoro inakula hizo za mwisho. Kazi ya bahari iwe ya likizo na Jumamosi.

Sababu ya pili ni kwamba alishaachwa nyuma zamani na anaona haya. Rudi kwenye dalili ya kusoma. Niliwahi kumpata hapo kijana wa miaka 15.

Ya tatu ni vya kulevya: muguka, bangi, na mbaya zaidi, unga. Marafiki wapya, halali usiku, vitu vidogo vya nyumbani vinapotea.

SIMAMA. Usimfungie chumbani, usimpeleke baharini kwa nguvu "akatoke sumu". Piga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na dawa za kulevya, au mpeleke hospitali uzungumze na mshauri.

Ukifika kwa wataalamu wa tathmini

Afisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza kwenye kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu ya kujifunza. Wengi wanakiita EARC tu. Ripoti yao ndiyo shule huitumia kumwombea mtoto msaada, pamoja na muda wa ziada kwenye mtihani. Usiende mikono mitupu. Chukua ripoti tatu, daftari mbili za mwaka huu na moja ya mwaka jana, kadi yake ya kliniki ya utotoni, na karatasi uliyoandika mwenyewe: alianza kutembea na kusema lini, amelazwa mara ngapi, ni nini umejaribu na kwa muda gani. Na uandike pia anachokiweza, awe anatengeneza ngalawa za mbao, anahifadhi kasida, au anajua jina la kila samaki. Mwenye kumpima atalitaka hilo kama anavyotaka yale mengine.